Lango lililoipa bahari kisogo: ngome mbili za Rasi ya Tumaini Jema

Ukiuliza Ngome ya Tumaini Jema mjini Cape Town ni ya mwaka gani, unaweza kupewa majibu matano, na yote yakawa na ukweli ndani yake. Yupo atakayesema 1652, mwingine 1666, mwingine 1674, mwingine 1679, na aliyesimama mbele ya lango akatazama juu atasema 1684. Tatizo ni kwamba hadithi mbili zimesukwa pamoja zikaonekana moja. Ngome zilikuwa mbili, si moja. Na hiyo ya pili, iliyosimama hadi leo, imekuwa na malango makuu mawili kwa nyakati tofauti, yakielekea pande mbili tofauti. Mtu asiyetenganisha mambo haya hawezi kuelewa kwa nini mlango wa ngome ya mabaharia umetazama mji badala ya bandari.

Tuanze na ile iliyotoweka.

Tarehe 6 Aprili 1652, Jan van Riebeeck alitia nanga katika Ghuba ya Meza akiwa na meli Drommedaris, Reijger na Goede Hoop, na watu wapatao 90. Alikuwa ametumwa na Kampuni ya Kiholanzi ya India Mashariki, ile VOC, na agizo lake halikuwa kuanzisha nchi. Alitakiwa kujenga ngome, kulima bustani ya mboga, kununua ng'ombe na kondoo kwa Wakhoikhoi, wafugaji wenyeji wa Rasi, na kuzipa maji na chakula meli za Kampuni zilizokuwa safarini kati ya Uholanzi na Batavia, Jakarta ya leo. Mabaharia walikuwa wakifa kwa kiseyeye kabla ya kufika nusu ya njia.

Ngome hiyo ya kwanza ilikuwa ya mraba, yenye buruji nne pembeni. Neno buruji nalitumia hapa kwa ile sehemu ya ngome inayochomoza nje ya ukuta kama ncha ya mshale, si kwa mnara wa mviringo. Buruji zake zilipewa majina ya meli: Drommedaris, Reijger, Oliphant na Walvis. Ilisimama karibu na uwanja unaoitwa leo Grand Parade, magharibi kidogo ya ngome ya sasa, mahali ambapo maji matamu ya mlimani yalishuka hadi pwani. Kuta zake zilikuwa za udongo, mabonge ya nyasi na mbao.

Kwa nini udongo? Kwa sababu ulipatikana pale pale, na kwa sababu ukuta mnene wa udongo hulimeza kombora la mzinga badala ya kupasuka. Wahandisi wa Uholanzi waliuamini udongo. Lakini ukuta wa udongo una masharti yake. Lazima uinamishwe kuelekea ndani ili usijiangushe kwa uzito wake, nyasi zilizofunika uso wake ziote mizizi kabla ya mvua kubwa, na maji ya juu yapewe njia ya kutoka bila kupenya katikati. Rasi ina mvua za kipupwe, kuanzia Mei hadi Agosti, na zinakuja na upepo mkali kutoka kaskazini-magharibi. Udongo ukishiba maji huongezeka uzito na kupoteza mshiko kwa pamoja. Kitako huteleza kuelekea handaki, halafu kipande kizima kinamomonyoka. Hilo ndilo lililotokea, si mara moja. Kila baada ya kipupwe kizito, watu waliotakiwa bustanini walirudishwa kuinua kuta zilezile.

Ngome ile dhaifu ilitosha kwa tishio la jirani. Kampuni ilipoanza kuwagawia wafanyakazi wake wa zamani mashamba kando ya mto Liesbeek mwaka 1657, malisho ya Wakhoikhoi yakaanza kuliwa na majembe, na mwaka 1659 vita vikazuka. Doman, aliyekuwa mkalimani na aliyewahi kupelekwa Batavia akaona jinsi Waholanzi wanavyopigana, aliwaongoza watu wake kushambulia wakati wa mvua, kwa kuwa baruti iliyolowa haiwaki. Mashamba yaliteketea na mifugo ikachukuliwa. Wakhoikhoi hawakuwa na mizinga ya kubomoa ngome, na hawakuihitaji: uchumi wa walowezi ulikuwa nje ya ukuta.

Aliyewatia hofu wakubwa wa Kampuni kule Amsterdam alikuwa Mwingereza. Vita vya pili kati ya Uingereza na Uholanzi vilipokaribia, waliona wazi kwamba meli chache zenye mizinga mizito zingeweza kuivunja ngome ya udongo kwa siku moja. Ikatoka amri ya kujenga ngome ya mawe. Mahali pake palichaguliwa na Isbrand Goske mwaka 1665, upande wa mashariki wa ile ya zamani, na mhandisi wa kazi akawa Pieter Dombaer. Tarehe 2 Januari 1666 mawe ya msingi yaliwekwa, chini ya Kamanda Zacharias Wagenaer. Van Riebeeck alikuwa ameshaondoka Rasi tangu 1662. Kwa hiyo anayesema van Riebeeck aliijenga ngome hii anachanganya mtu, mahali na vifaa vya ujenzi vyote kwa pamoja.

Ngome mpya ni pembetano, yenye buruji tano. Umbo hili lina hesabu ndani yake, na bila hesabu hiyo lango haliwezi kueleweka. Mnara wa mviringo wa zamani una kasoro: askari aliye juu yake haoni mguu wa ukuta wake mwenyewe. Adui akishafika pale chini yuko salama, anaweza kuchimba au kutega baruti. Buruji yenye ncha huondoa eneo hilo la giza, kwa sababu kila upande wake hutazamwa na ubavu wa buruji jirani. Risasi hazitoki mbele kumkabili adui, hutoka ubavuni na kufagia ukuta mzima kwa urefu wake. Sharti ni kwamba umbali kutoka ubavu wa buruji moja hadi ncha ya nyingine usizidi mwendo wa risasi ya gobore, takriban mita 200. Ukizidisha, katikati hapana ulinzi. Wasomaji wa Mombasa wameshaona hesabu hii kwa macho: Fort Jesus, iliyochorwa na Mwitalia Giovanni Battista Cairati na kujengwa na Wareno kuanzia 1593, ni ya ukoo huohuo wa ngome, ingawa imekaa juu ya mwamba wa matumbawe na umbo lake limelazimishwa na mwamba huo.

Mawe hayakuwa tatizo kubwa. Yalichimbwa katika Signal Hill, juu ya mji, na mengine yakaletwa kwa mashua kutoka Robben Island. Mbao zilitoka Hout Bay, jina ambalo kwa Kiholanzi lina maana ya ghuba ya mbao. Kilichokwamisha kazi ni chokaa. Rasi haikuwa na mawe ya chokaa ya karibu, kwa hiyo walikusanya makombe ya baharini kwenye fukwe za Robben Island na kuyachoma.

Fundi yeyote wa pwani yetu aliyewahi kuchoma matumbawe anaijua kazi hii. Makombe hupangwa tabaka kwa tabaka na kuni, moto huwashwa na kulindwa hadi yote yawe meupe na mepesi. Yakipoa humwagiwa maji. Huchemka yenyewe, hupasuka na kuwa unga au uji mzito, kisha huchanganywa na mchanga, kwa kawaida fungu moja la chokaa kwa mafungu mawili au matatu ya mchanga. Makosa yake pia yanafahamika. Kombe lisiloiva vizuri hubaki bonge lililokufa ndani ya mchanganyiko, halishiki kitu. Lililoiva lakini halikunyweshwa maji ya kutosha huendelea kuvimba likiwa tayari ukutani, na lipu hutoka mabakabaka. Kombe au mchanga usiosuuzwa chumvi huufanya ukuta utoe jasho kila hewa inapokuwa na unyevu. Juu ya yote, tanuri hula kuni bila huruma, na Rasi haikuwa nchi ya misitu mingi.

Nani alibeba vitu hivi? Wanajeshi, mabaharia walioshushwa kutoka meli zilizopita, wafungwa, na watumwa. Watumwa wa kwanza kwa idadi kubwa waliletwa mwaka 1658, kundi moja kutoka Angola likiwa limenyang'anywa meli ya Wareno, jingine kutoka pwani ya Guinea. Baadaye Kampuni ilitegemea sana Madagaska, na mkono wake ukanyooka hadi pwani yetu: Msumbiji, na katika miaka ya 1770 meli zake kutoka Rasi zilifika Zanzibar kutafuta watu wa kununua. Hesabu za Kampuni zinaandika mawe, mbao na chokaa. Mikono iliyovibeba haikupewa nafasi kwenye ukuta wowote wa ngome, na lango lenye nakshi ambalo nitalieleza hivi punde linamtukuza kila mtu isipokuwa wao.

Kazi ilienda kwa mikurupuko. Vita vikipamba moto, amri zinatoka na nyundo zinalia. Amani ikija, kama ile ya Breda mwaka 1667, wakubwa wanakumbuka gharama na kazi inalegea. Buruji ya kwanza, Leerdam, ilikamilika 1670. Vita vingine na Uingereza vikaja 1672, na watu wakakimbizwa kazini tena, hata raia wakitakiwa kubeba vikapu vya udongo wa handaki. Mwaka 1674 jeshi lilihamia humo, na ngome ya udongo ikaachwa. Mwaka 1679 buruji zote tano zilipewa majina, yote yakiwa vyeo vya Mwanamfalme William wa Orange: Leerdam, Buuren, Catzenellenbogen, Nassau na Oranje. Hapo unapata maelezo ya tarehe zile. 1652 ni ngome nyingine. 1666 ni msingi, 1674 ni kuhamia, 1679 ni kukamilika kwa kuta. Lango la leo halimo katika tarehe yoyote kati ya hizi.

Lango la kwanza la ngome ya mawe lilikuwa katika ukuta ulio kati ya buruji Buuren na Catzenellenbogen, likitazama bahari. Kwa kampuni ya biashara, wazo hili lilikuwa na mantiki yote. Mizigo inatoka melini, inapanda mashua, inafika ufukweni, inaingia ghalani, njia fupi kabisa. Tena ngome inayopata msaada wake kutoka baharini inataka mlango ambao adui wa nchi kavu hawezi kuukatia njia.

Walichokosea ni bahari yenyewe. Ghuba ya Meza iko wazi kwa kaskazini-magharibi, upande uleule dhoruba za kipupwe zinakotoka. Wakati huo maji yalikuwa karibu na kuta, na bamvua likikutana na dhoruba, mawimbi yalifika mlangoni. Mlango wa ngome ni tundu lililotobolewa kwenye ukuta kwa makusudi, ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote hata siku ya jua. Maji ya chumvi yakiingia, mbao za mlango huvimba na hazifungi sawasawa, bawaba na misumari hushika kutu, njia hujaa mchanga, na baruti iliyohifadhiwa karibu hupata unyevu. Kuna jambo jingine: meli ya adui iliyoingia ghubani ingeliona lango moja kwa moja, bila kizuizi. Waliogopa Waingereza kutoka baharini, halafu wakawaelekezea mlango.

Simon van der Stel alifika kuongoza Rasi Oktoba 1679. Kati ya 1682 na 1684 lango jipya lilijengwa katika ukuta wa kati ya Leerdam na Buuren, likielekea mji uliokuwa unakua upande wa magharibi, na lile la baharini likazibwa kwa mawe. Ngome ikaigeuzia bahari kisogo.

Mahali penyewe pamechaguliwa kwa akili. Lango linakaa kwenye ukuta ulionyooka, likiwa na buruji mbili kulia na kushoto ambazo mbavu zake zote mbili zinalitazama. Anayelishambulia anapigwa kutoka pande mbili kabla hajagusa mbao. Kwa kawaida lango la ngome ya aina hii huwa na hatua kadhaa, na kila hatua ina kazi ya kumchelewesha mtu. Kwanza ni kizuizi cha nje chenye mlango wake, kinachoficha lango kuu ili mzinga ulio mbali usilipige moja kwa moja. Kisha handaki na daraja. Kisha milango miwili mizito ya mbao iliyopigwa misumari ya chuma, ikiwa na kijilango kidogo cha kupita mtu mmoja, kama tulivyozoea kuona kwenye milango mikubwa ya Lamu na Mji Mkongwe, ingawa huko sababu ni za nyumbani zaidi. Kisha njia yenye dari ya kuba, na chumba cha walinzi ubavuni mwake, ili aliyepita mlango wa kwanza ajikute bado yuko mikononi mwa watu. Kosa la kawaida katika malango ya namna hii si udhaifu wa mbao. Ni mazoea: daraja lisiloinuliwa kwa miezi, kijilango kilichoachwa wazi kwa sababu mpishi anarudi usiku, mkokoteni uliokwama katikati ya njia na kuzuia milango kufungwa.

Sasa tazama sura ya lango. Nguzo na kizingiti cha juu ni vya jiwe la kijivu lenye ubluu la Signal Hill. Kando yake kuna matofali madogo ya manjano, yale Waholanzi wanayoyaita ya IJssel. Matofali haya yalisafiri tumboni mwa meli kama farumi, uzito wa kuituliza meli iliyotoka Ulaya na shehena nyepesi, halafu yakatumika kujengea. Juu, kwenye pembetatu, kuna ngao ya Uholanzi: simba mwenye taji aliyesimama kwa miguu ya nyuma, ameshika mishale saba, mmoja kwa kila jimbo la muungano wao. Chini yake, katika mstari mmoja, kuna ngao za miji sita: Hoorn, Delft, Amsterdam, Middelburg, Rotterdam na Enkhuizen. Hii ndiyo miji iliyokuwa na matawi ya Kampuni. Wengi huzitazama kama mapambo. Mimi naziona kama hati ya umiliki. Mkulima wa Stellenbosch aliyekuja kulalamika juu ya bei ya ngano, au mzee wa Kikhoikhoi aliyeletwa mbele ya gavana, alisoma juu ya kichwa chake orodha ya wenye hisa.

Lango la baharini lisingeweza kufanya kazi hiyo, kwa sababu waliopita pale walikuwa watu wa Kampuni yenyewe. Kuligeuza lango kuliugeuzia mji uso wa serikali. Ndani ya kuta kulikuwa na gavana, kanisa, mikate ikiokwa, karakana, na vilevile mahabusu na chumba cha mateso, kwa kuwa sheria ya Kiholanzi ya wakati huo ilitaka mtuhumiwa akiri kabla ya kuhukumiwa. Kila moja ya haya yalianza kwa kupita chini ya simba yule.

Juu ya lango ulisimamishwa mnara wa kengele mwaka 1684. Hapa kuna mtego mwingine wa tarehe, kwa sababu kengele iliyomo si ya 1684. Ilisubuliwa Amsterdam mwaka 1697 na Claude Fremy, miaka 13 baada ya mnara. Ina uzito wa zaidi kidogo ya kilo 300, na ndiyo kongwe kuliko zote Afrika Kusini. Ilipigwa kutangaza saa, kuonya juu ya hatari na kuita watu wasikilize amri; inasemekana ilisikika umbali wa kilomita 10. Walioitwa walipita langoni na kusimama uani, mbele ya roshani iitwayo Kat, ambako amri zilisomwa. Roshani ya kwanza ni ya 1695. Inayoonekana leo ilijengwa upya kati ya 1786 na 1790, kwa michoro ya Louis Michel Thibault na nakshi za Anton Anreith.

Roshani hiyo imeegemea ukuta mrefu unaokata ua wa ngome vipande viwili, na ukuta huo unatuonyesha kosa ambalo kuhamisha lango hakukulitatua. Mwaka 1685 mkaguzi wa Kampuni, Hendrik van Reede, alipita Rasi akaona kwamba miteremko ya Devil's Peak iko juu kuliko kuta. Adui akipandisha mizinga pale, angepiga ndani ya ua kama mtu anayetupa mawe kisimani. Ukuta wa kati ukajengwa ili walau nusu ya ua ijifiche. Lilikuwa suluhisho la kupunguza aibu tu. Ngome iliyochaguliwa kwa kuitazama bahari ilikuwa imepangwa chini ya mlima.

Hakuna aliyewahi kuujaribu udhaifu huo. Waingereza walipokuja kweli, mwaka 1795, walishuka Simon's Town, upande wa pili wa rasi, wakapigana Muizenberg, wakaja kwa nchi kavu, na Rasi ikasalimu amri bila ngome kuzingirwa. Mwaka 1806 vita viliamuliwa Blaauwberg, kaskazini mwa ghuba. Lango halikupigwa na mzinga wowote wa adui. Aliyelipita kwa nguvu ya vita ni mfungwa: Cetshwayo, mfalme wa Wazulu, aliyekamatwa mwaka 1879 baada ya vita vya Ulundi na kufungiwa humo kabla ya kuhamishiwa shamba la Oude Molen.

Ukifika leo, usianze langoni. Zunguka kwanza hadi ukuta wa kati ya Buuren na Catzenellenbogen, lilikokuwa lango la baharini, utafute harufu ya maji. Huipati. Reli ilipita karibu katika karne ya 19, na miaka ya 1930 na 1940 ghuba ilifukiwa kwa ajili ya gati jipya, bahari ikasukumwa mbali nyuma ya maghorofa. Kisha rudi kwenye lango la van der Stel. Barabara inayopita karibu yake inaitwa Strand Street, na strand, kwa Kiholanzi, ni ufuko.